Amana ya Sauti: Hoja ya Kuhamia Toleo Jipya la Programu ya Kurekodi

Programu ya kurekodi muziki kwa traki nyingi huipa kila sauti njia yake: ngoma peke yake, besi peke yake, gitaa peke yake, mwimbaji kiongozi kwake na waitikiaji kwao. Kazi ya siku ikiisha, vinavyobaki kwenye diski ni vitu viwili vya asili tofauti. Kuna mafaili ya sauti yenyewe, aghalabu ya WAV, na kuna faili la projekti, ambalo halina sauti hata chembe. Ndani yake mna maagizo tu: traki ya tatu ipunguzwe, kikohozi kabla ya ubeti wa pili kifutwe, kiitikio kiongezewe mwangwi, sauti ya kiongozi ipitie kwenye kompresa fulani. Wimbo unaotoka kwenye spika huzaliwa pale programu inapoyasoma maagizo hayo na kuyatekeleza. Kwa sababu hiyo, mwenye studio anayejiuliza kama ahamie toleo jipya anaamua jambo kubwa kuliko kubadilisha chombo. Anaamua kama msomaji wa maagizo yake abadilishwe, na msomaji mpya hana lazima ya kusoma sawasawa na wa zamani.

Tatizo hili ni la juzijuzi. Katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, ambazo mikanda yake leo iko mikononi mwa Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC), bendi ilipiga wimbo mzima kwa pamoja, na ukishapigwa umekwisha. Hapakuwa na cha kupangua. Mashine ya traki nane ambayo kampuni ya Ampex ilimkabidhi mpiga gitaa Les Paul mwaka 1957 ndiyo iliyozoesha watu kuuacha wimbo ukiwa haujakamilika: traki moja leo, nyingine wiki ijayo, uamuzi wa mwisho siku ya miksi. Hata hivyo mkanda haukubagua mashine. Ule wa inchi mbili wenye traki 24, ukirekodiwa kwenye mashine ya kampuni moja, ulichezwa kwenye mashine ya kampuni nyingine baada ya kurekebishwa kidogo. Steve Albini, fundi wa Chicago aliyefariki mwaka 2024, aling'ang'ania mkanda maisha yake yote, na uwezekano wa kuufungua miaka mingi baadaye ulikuwa miongoni mwa sababu zake. Hoja yake ina uzito, ingawa mkanda nao una maradhi yake: gundi ya mikanda mingi ya miaka ya 1970 na 1980 hunyonya unyevu ikaanza kunata, na mkanda wa namna hiyo hulazimika kuokwa kwa joto la chini kwa saa kadhaa ndipo uchezeke. Kompyuta iliondoa kunata. Badala yake ilileta utegemezi ambao mkanda haukuujua, kwa kuwa sasa maagizo ya wimbo yamefungwa ndani ya programu moja na mara nyingi ndani ya toleo moja.

Hapo ndipo swali la kwanza la kifalsafa linapozuka: wimbo ukifunguliwa kwenye toleo jipya, ni ule ule?

Wagiriki waliujua mjadala huu kwa sura nyingine. Plutarch anasimulia kwamba Waathene waliihifadhi merikebu ya Theseus kwa kung'oa kila ubao uliooza na kuweka mpya, hata wanafalsafa wakagawanyika, hawa wakisema ni ile ile, wale wakikataa. Thomas Hobbes, katika kitabu chake De Corpore cha mwaka 1655, akaongeza ugumu: itakuwaje kama mtu ataziokota mbao zote zilizong'olewa na kuziunga upya kwa mpangilio wake wa awali? Merikebu ya Theseus itakuwa ipi kati ya hizo mbili? Mwenye studio anazo zote mbili mbele yake. Moja ni projekti iliyohamishiwa kwenye toleo jipya, na nyingine ni kompyuta kuukuu iliyoko chini ya meza, yenye toleo la zamani na plagini zake zote, yaani programu ndogo za kutibu sauti, kama zilivyokuwa.

Lakini yeye ana bahati ambayo wale wanafalsafa hawakuwa nayo, maana anaweza kupima. Hutoa miksi ya wimbo kutoka toleo la zamani, hutoa nyingine kutoka toleo jipya, huzipanga sambamba bila kupishana hata sampuli moja, kisha huigeuza mojawapo ili kilichokuwa chanya kiwe hasi. Zikichezwa pamoja na zikawa sawa kabisa, zinafutana na spika hukaa kimya. Kikisikika chochote, basi hicho ndicho tofauti yenyewe, kimejitenga peke yake na kinaweza kusikilizwa. Jaribio hili ni la kale katika ufundi wa sauti na halihitaji kifaa chochote cha ziada.

Mara nyingi kinachobaki kina sababu inayojulikana. Huenda toleo jipya linagawa nguvu kati ya spika ya kushoto na ya kulia kwa kanuni tofauti, hivyo kila traki iliyowekwa pembeni imepanda au kushuka kidogo. Huenda njia ya kuvuta sauti bila kubadilisha kimo chake imeandikwa upya, na ngoma iliyovutwa ili iende na mapigo sasa inagonga kwa ncha butu. Huenda plagini moja haikufunguka kabisa na traki yake inapita bila kutibiwa. Sababu za namna hii hurekebishika, au angalau hufahamika, na fundi mwangalifu huzimaliza kwa alasiri moja.

Jambo la kushangaza hutokea fundi anapofanya jaribio hilo hilo bila kubadilisha toleo. Akitoa miksi mara mbili kutoka projekti moja, kwenye kompyuta moja, kwa programu ile ile, huenda bado zisifutane. Athari kadhaa za sauti, hasa zile za kutikisatikisa kimo na baadhi ya myangwi, hutumia bahati nasibu ndani yake ili zisisikike kama mashine. Kila zinapopita hutoa namba tofauti. Maana yake ni kwamba kwa kipimo cha namba, wimbo haukuwa ule ule hata kabla ya toleo jipya kutangazwa, na hakuna aliyewahi kulalamika. Anayekataa toleo jipya kwa sababu miksi mbili hazikufutana anadai usawa ambao toleo lake la zamani nalo halimpi.

Nelson Goodman, katika Languages of Art ya mwaka 1968, alitenganisha sanaa ambazo kila nakala sahihi ni kazi halisi, kama muziki ulioandikwa kwa nota, na zile ambazo asili yake ni moja tu, kama mchoro wa rangi. Projekti ya traki nyingi haikai sawasawa katika kundi lolote. Maagizo yake yanafanana na nota, kwani yanaweza kutekelezwa tena na tena na kila utekelezaji ukahesabika. Mafaili yake ya sauti yanafanana na mchoro: pumzi ile ya mwimbaji kabla ya kiitikio ilivutwa mara moja, na haitavutwa tena hivyo hivyo. Mgawanyo huu unasaidia kupanga hofu mahali pake. Tofauti inayotokana na utekelezaji wa maagizo inaweza kuvumiliwa kama vile watu wanavyovumilia bendi moja kupiga wimbo wake kwa namna mbili. Kupotea kwa faili la sauti hakuvumiliki, kwa sababu hakuna pa kulirudia. Kwa hiyo jaribio la kufutana lina kazi ndogo kuliko inavyodhaniwa. Linaonyesha sikio lielekezwe wapi. Kuamua kama wimbo umebaki wenyewe ni kazi ya sikio lenyewe, likisaidiwa na miksi ya kumbukumbu iliyotolewa kabla ya kuhama, maana kumbukumbu ya binadamu juu ya sauti ni dhaifu mno.

Swali la pili ni la kutosheka. Matoleo mapya hutangazwa kwa orodha ya mambo ambayo toleo la zamani halina, na orodha hiyo humfanya mtu aone upungufu ambao jana hakuwa nao. Maadili ya dini yamelizungumza hili kwa muda mrefu. Al-Ghazali katika Ihya Ulum al-Din ana maelezo marefu juu ya ubaya wa tamaa na fadhila ya kinaa, na mafundisho ya Kiislamu kuhusu israfu hayahusu vitu haramu peke yake, bali hata kilicho halali kinapotumiwa kupita haja. Wastoa kama Epictetus walifika karibu na hapo kwa njia yao: mtu atenganishe kilicho katika uwezo wake na kisichokuwamo, na asitegemeze utulivu wake kwenye cha pili. Ivan Illich, padri aliyegeuka kuwa mkosoaji wa viwanda, alidai mwaka 1973 katika Tools for Conviviality kwamba kila chombo kina kizingiti, na kikikivuka, mtu ndiye huanza kukihudumia. Asubuhi iliyoishia kwenye kutafuta kwa nini plagini hazionekani baada ya kusasisha programu inamuunga mkono Illich vizuri sana.

Walakini hoja ya kinaa hutumiwa vibaya mara nyingi kuliko inavyokiriwa. Kuna uvivu unaovaa kanzu ya kinaa. Fundi anayekataa kujifunza njia mpya ya kazi huku kwaya ikimsubiri saa nzima kwa sababu programu yake imeganda hana zuhudi. Anawatoza wengine gharama ya raha yake. Swali linalofaa ni upungufu umetoka wapi. Ukitoka kwenye kazi, kwa mfano programu isiyoweza kupokea maikrofoni 16 kwa wakati mmoja wakati kwaya inazihitaji, upungufu huo ni wa kweli na haukuwekwa na mtangazaji. Vivyo hivyo mwanamuziki asiyeona, anayefanya kazi kwa kisoma skrini: kwake badiliko dogo la namna vitufe vinavyotangazwa linaweza kumfungulia studio nzima au kumfungia, wala si anasa. Upungufu uliogunduliwa kwa kusoma tangazo unaweza kungoja.

Swali la tatu linahusu ahadi. Anayenunua programu hununua pia maneno kuhusu wakati ujao, na hapa mfano wa programu ya kurekodi ya Sonar unatosha. Mtengenezaji wake, Cakewalk, kampuni ya Boston iliyoanza mwaka 1987, ilimilikiwa na kampuni ya magitaa ya Gibson kuanzia 2013. Mwaka 2016 ikawauzia watumiaji wa Sonar Platinum haki ya kupata masasisho maisha yote. Mwezi Novemba 2017 Gibson ikatangaza kusimamisha utengenezaji wa programu za Cakewalk. Maisha yaliyoahidiwa yalikuwa ya bidhaa, si ya mnunuzi, na bidhaa ndiyo iliyotangulia. Kisha hadithi ikageuka: Februari 2018 kampuni ya BandLab ya Singapore ilinunua mali ya Cakewalk, na miezi michache baadaye programu ikatolewa bure kwa kila mtu, aliyelipia na asiyelipia.

Fiqhi ya Kiislamu ya biashara ina dhana inayogusa mkataba wa namna hii, nayo ni gharari: kuuza kisichojulikana, kama samaki aliye baharini au ndege aliye angani. Mtu anaweza kuuliza kama masasisho ya maisha si samaki aliye baharini. Jibu linategemea bei imelipiwa nini. Ikiwa fedha imelipia programu inayofanya kazi leo na masasisho ni nyongeza, gharari ni ndogo na wanazuoni huvumilia iliyo ndogo. Ikiwa fedha yenyewe imelipia masasisho ambayo hayajaandikwa, swali linakuwa zito. Leseni ya Reaper, programu ya kampuni ya Cockos, ina ukweli wa kupendeza katika jambo hili, kwa kuwa inataja mwisho wake: anayelipia toleo la 7 ana haki mpaka mwisho wa toleo la 8, basi. Upande mwingine uko mtindo wa kukodi kila mwezi. Machi 2023 kampuni ya plagini ya Waves ilitangaza kwamba itaacha kuuza na kubaki na kukodisha pekee. Wateja wakapiga kelele, na ndani ya siku chache ikarudisha mauzo ya kawaida. Kukodi si dhambi. Ila aliyekodi msomaji wa maagizo ajue kwamba siku asipolipa, maagizo yake huenda yasifunguke.

Maswali yote matatu yanakutana kwenye la nne, ambalo kwa haki lilipaswa kuulizwa kwanza: sauti zilizomo kwenye diski ni za nani? Studio nyingi hurekodi watu wengine. Kwaya ya kanisa, kikundi cha kaswida, msanii chipukizi aliyelipia saa mbili: wote huondoka na kuacha sauti zao. Wanapoondoka, mwenye studio huwa mlinzi wa amana, apende asipende.

Madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao wa Afrika Mashariki, humhesabu aliyewekewa amana kuwa mwaminifu asiyelipa kitu kikipotea bila kosa lake. Hulipa akizembea au akivuka mpaka wa alichoruhusiwa. Wajibu wake ni kukirudisha kama kilivyo mwenyewe akikitaka. Injili ya Mathayo, sura ya 25, ina mfano unaoelekea kusukuma upande mwingine: mtumishi aliyeifukia talanta ardhini na kuirudisha ilivyokuwa ndiye aliyekemewa. Ukiisoma kanuni ya kwanza peke yake, projekti isiguswe na toleo libaki lile lile. Ukiusoma mfano wa pili peke yake, kila kilichowekwa kiendelezwe. Studio inakaa katikati, na sababu ni ya kifundi. Faili la projekti lililoachwa bila kuguswa halibaki lilivyo. Ulimwengu unaolizunguka unasogea, na baada ya miaka kadhaa hakuna cha kulifungua. Kulifukia ni kulipoteza polepole. Kwa hiyo mlinzi hana budi kubadilisha kitu fulani ili arudishe kile kile, na hekima yake inaonekana katika kuchagua kibadilike nini. Sauti haibadiliki. Chombo chaweza.

Kwa vitendo, hilo lina utaratibu. Kabla ya kuhama, kila traki hutolewa kama faili moja la WAV linaloanza sekunde ya sifuri, bila athari na pengine nakala ya pili ikiwa na athari zake, pamoja na miksi ya kumbukumbu na maelezo machache ya kasi ya wimbo na kimo. Mafaili hayo hufunguka kwenye programu yoyote, ya sasa au ambayo haijatungwa. Gharama ni ndogo kuliko watu wanavyohofia. Traki moja ya sampuli 48,000 kwa sekunde na biti 24 huchukua baiti 144,000 kila sekunde. Wimbo wa dakika nne wenye traki 24 hautimizi megabaiti 830. Aliyezembea hapa hawezi kusingizia ukubwa wa diski.

Utaratibu huo una maana zaidi pale ambapo mlango ni wa kuingia tu. Audacity, programu huria iliyoanza katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ilibadilisha namna ya kuhifadhi projekti ilipofika toleo la 3.0 mwezi Machi 2021. Zamani ilikuwa faili dogo na folda ya vipande vingi, ambayo watu waliitenganisha kwa bahati mbaya na kupoteza kazi. Sasa vyote vimo katika faili moja. Ni badiliko jema. Lakini matoleo ya zamani hayawezi kulifungua faili jipya, hivyo anayehama peke yake huwaacha nje wenzake waliobaki nyuma. Ndiyo maana wakati ulio bora wa kuhama ni baina ya kazi mbili, kazi ya kwanza ikiwa imekabidhiwa na ya pili haijaanza. Kuhama katikati ya albamu ya mtu mwingine, kwa sababu ya kupenda kipya, ni kuvuka mpaka wa alichoruhusiwa mlinzi.

Kuna watu ambao uamuzi huu hawana. Katika studio nyingi ndogo za Afrika Mashariki programu imewekwa kwa kraki, yaani bila leseni, na mwenye kraki hathubutu kusasisha, kwa kuwa sasisho moja laweza kuifunga. Kejeli ni kwamba FL Studio ya kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji, ambayo midundo yake imejaa katika Bongo Fleva, humpa aliyeinunua masasisho ya bure siku zote. Aliyeiba ndiye aliyekwama kwenye toleo la zamani. Akademia ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, ilitambua haki za utunzi na uvumbuzi kuwa mali isiyoruhusiwa kuvamiwa, na kwa Wakristo amri ya kutoiba haikubagua vitu vinavyoshikika. Kraki hutetewa kwa dharura: bei ya leseni ni mapato ya miezi. Dharura hukubalika pale njia ya halali inapokosekana, na hapa haikosekani. Programu za Ardour ya Paul Davis na Audacity zina msimbo ulio wazi, na Cakewalk ilitolewa bure. Prodyuza anayewalaani wanaosambaza nyimbo zake bila kulipa angefanya vyema kuifunga kwanza programu iliyo mbele yake asije akachekwa.

Mwisho kuna mahali ambapo kutohama hakuwezekani, kwa kuwa wengine wamekwisha kuamua. Apple iliondoa uwezo wa kuendesha programu za biti 32 katika macOS Catalina mwaka 2019, na plagini nyingi za zamani zikanyamaza siku moja. Steinberg ilitangaza mwaka 2022 kwamba programu zake zitaacha plagini za mfumo wa VST2 ndani ya miezi 24. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mwenye studio anaweza kuitenga kompyuta ya zamani na intaneti na kuendelea nayo kwa usalama, mradi leseni zake hazidai kuthibitishwa mtandaoni. Mashine hiyo nayo ina siku zake. Ikifa kabla maagizo hayajahamishwa, kinachobaki ni sauti ghafi na miksi ya kumbukumbu, na anayeujenga upya wimbo kutokana na hivyo anafanya miksi nyingine. Uaminifu unadai aiite hivyo. Albamu ya Revolver ya The Beatles ilipofanyiwa miksi mpya mwaka 2022, mkusanyiko wake mkubwa ulikuja pia na miksi ya mono ya mwaka 1966, kila moja kwa jina lake. Studio ndogo inaweza kufanya vivyo hivyo bila gharama, kwa kuandika ndani ya jina la faili mwaka wa kurekodi, mwaka wa miksi na toleo la programu lililotumika.